Ufunguo na Daftari: Adabu za Kuliuza Gari la Kale la Kijapani

Auzaye gari la kawaida huuza chombo cha kumfikisha mushtari aendako, na bei ya chombo hicho hushuka mwaka hata mwaka kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Lakini auzaye gari la michezo la Kijapani lililoundwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita, likatunzwa vyema tangu lilipotoka kiwandani, huuza kitu cha jinsi nyingine, kwa kuwa thamani yake hupanda kadiri wenziwe wanavyomalizwa na kutu, ajali na ufundi mbaya. Biashara ya namna hii ina adabu zake. Asiyezijua aghalabu hupata hasara mbili kwa mpigo: hupoteza fedha alizostahili, na huona chombo alichokilinda nusu ya umri wake kikiangukia mikononi mwa mtu asiyetambua kadiri yake. Nakusudia kuzieleza adabu hizo kwa mfano wa gari moja ambalo jina lake liliwahi kuvuma Afrika Mashariki nzima wakati wa sikukuu za Pasaka, nalo ni Datsun 240Z.

Gari hili lilizinduliwa nchini Japani mwezi wa Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z, jina lililotokana na mchezo wa kuigiza wenye nyimbo uliompendeza Katsuji Kawamata, mkuu wa siku zile wa Nissan, kampuni iliyoyaunda magari ya Datsun. Umbo lake lilichorwa na kundi la mafundi lililoongozwa na Yoshihiko Matsuo, wakalipa boneti ndefu, viti viwili, na mgongo unaoteremka kwa upole hadi nyuma kama mgongo wa papa. Yutaka Katayama, aliyeisimamia biashara ya Nissan huko Marekani, aliona kwamba jina la Fairlady halingewavutia wateja wake, akaamuru ling'olewe, na mahali pake pabandikwe 240Z, tarakimu zilizotokana na injini ya lita 2.4. Injini hiyo ina silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja, kabureta mbili, na nguvu za farasi 151 kwa kipimo kilichotumiwa Marekani wakati ule. Nalo gari liliweza kukimbia karibu kilomita 200 kwa saa. Kila gurudumu lilikuwa na springi yake huru, na breki za mbele zilikuwa za diski. Yote hayo mnunuzi wa Marekani aliyapata kwa dola 3,526, ilhali Porsche 911 na Jaguar E-Type, zilizokuwa za tabaka hilo, zilimtaka fedha nyingi zaidi. Katayama aliishi miaka 105, akafariki mwaka 2015, baada ya kuyaona magari aliyoyauza kwa bei ya kijana wa kazi yakigombewa minadani na matajiri.

Sifa ya kwenda kasi katika barabara ya lami ni sifa ya nusu, na nusu ya pili 240Z iliipata katika ardhi yetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa mkazi wa Kenya, pamoja na msomaji wake wa njia Hans Schüller, walishinda mashindano ya magari ya Pasaka, East African Safari, kwa gari la aina hii, rangi nyekundu na boneti nyeusi, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine iliyoendeshwa na Shekhar Mehta. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia katika nchi hiyo, Mehta alihamia Kenya, na mwaka uliofuata akashinda Safari kwa 240Z baada ya kulingana alama za adhabu na Msweden Harry Källström, Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila ya kuadhibiwa. Wakati huo mashindano hayo yalikuwa maelfu ya kilomita za matope, vumbi, mito iliyofurika na mashimo yaliyoweza kumeza gurudumu zima, na magari mengi yaliyoanza hayakuonekana mwishoni. Gari lililoshinda mwaka 1971 lilirudishwa Japani, na mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan wakalifufua hata likatembea tena. Hata katika orodha ya rangi za kiwandani ilikuwamo rangi ya dhahabu, nambari 920, iliyoitwa Safari Gold.

Nimeyasimulia hayo kwa urefu kwa sababu ya kibiashara iliyo dhahiri: muuzaji hawezi kudai thamani ya historia asiyoijua. Mushtari wa gari la kale huja akiwa amesoma, na pengine amesoma miaka mingi kuliko mwenye gari mwenyewe. Akiuliza swali moja la msingi, akajibiwa kwa kubabaika, huanza kushuku na majibu mengine yote. Zaidi ya hayo, magari ya jamii hii yaliyoundwa hadi mwaka 1978 yalizidi nusu milioni, na kwa hiyo uchache wake hautoki kiwandani. Magari ya Toyota 2000GT yaliundwa 351 tu, na moja katika hayo liliuzwa mnadani mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni moja. Hilo ni adimu tangu kuzaliwa. Lakini 240Z huwa adimu kwa kunusurika. Mwezi wa Januari 2020 gari moja la mwaka 1971, lililokuwa limetembea maili elfu ishirini na moja na kitu katika umri wake wote, liliuzwa katika mnada wa intaneti huko Marekani kwa dola 310,000, wakati ambapo ndugu zake waliotoka kiwanda kile kile, mwaka ule ule, walikuwa wakiuzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Tofauti yote ilikuwa katika namna lilivyotunzwa na ushahidi wa matunzo hayo.

Basi ni lazima tufahamu maana ya gari lililotunzwa vyema, kwani neno hili hutumiwa ovyo. Yako magari ya namna tatu. La kwanza ni lililohifadhiwa, lenye rangi yake ya kiwandani, vitambaa vyake, vioo vyake na injini yake, hata kama rangi imefifia kidogo na kiti kimepasuka uzi. La pili ni lililofufuliwa, ambalo lilivunjwavunjwa likaundwa upya kwa ustadi, likang'aa pengine kuliko lilivyong'aa siku ya kwanza. La tatu ni lililogeuzwa, ambalo mwenyewe amelibadilisha injini, magurudumu au umbo kwa kufuata matamanio yake. Kila namna ina mushtari wake halali, na hakuna aibu katika yoyote. Aibu ni kuliita la tatu la pili, au la pili la kwanza. Hata hivyo wapenzi wa magari ya kale siku hizi hulitukuza zaidi lile la kwanza, maana ufundi wa kufufua unaweza kununuliwa kila siku, ilhali rangi iliyopuliziwa kiwandani mwaka 1970, ikishakwanguliwa, haina duka linaloiuza. Kwa hiyo shauri la kwanza kwa mwenye gari lililohifadhiwa ni kwamba asilipeleke kwa fundi wa rangi ili lipendeze sokoni. Alioshe kwa upole, aondoe vumbi la miaka, aache makovu madogo yaseme umri wake. Wengi wametumia maelfu kulipamba gari, wakaipunguza bei yake kwa maelfu mengine.

Adui mkubwa wa Datsun za miaka ile ni kutu. Bati lake lilikuwa jembamba na kinga yake dhidi ya unyevu ilikuwa dhaifu, na huko Marekani ya kaskazini, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, mengi yaliliwa hata yakakatika kabla ya kutimiza miaka kumi. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa upepo wa bahari hutufanyia kazi hiyo hiyo bila ya theluji. Mushtari mwenye maarifa hatazami kwanza boneti inayong'aa, huinama. Huangalia chini ya betri, mahali ambapo tindikali hudondoka na kula bati. Huinua zulia atazame sakafu. Huingia uvunguni aichunguze mihimili miwili inayopita chini ya sakafu. Hupapasa pembe za chini nyuma ya milango, kingo za matao ya magurudumu, shimo la tairi la akiba, na ukingo unaopokea mlango wa nyuma. Wengine huja na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, ambayo hung'ang'ania penye bati na kuteleza penye puti. Muuzaji mwungwana hufanya ukaguzi huo yeye mwenyewe kabla ya mgeni kufika. Huliinua gari kwa jeki na vigingi imara, hupiga picha za uvungu wote mchana kweupe, na picha hizo huziweka pamoja na zile za ubavuni na za machweo, kwani picha ya machweo humpendeza mtazamaji, lakini picha ya uvungu ndiyo humtoa fedha mfukoni.

Baada ya kutu huja nambari. Nambari ya chasisi ya 240Z imegongwa katika ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria, nayo huanza kwa HLS30 ikiwa usukani uko kushoto, na HS30 ikiwa uko kulia. Ndani ya chumba cha injini kuna kibati kinachotaja nambari ya injini iliyofungwa kiwandani, na nambari hiyo inapaswa kulingana na ile iliyogongwa ubavuni mwa injini yenyewe. Magari yaliyouzwa Marekani yana tena kibati katika nguzo ya mlango kinachotaja mwezi na mwaka wa kuundwa, na jambo hili si dogo, kwa kuwa magari ya mwanzo, hadi mapema mwaka 1971, yana matundu ya hewa katika mlango wa nyuma, na katika yaliyofuata matundu hayo yalihamishiwa katika nguzo za nyuma. Wenye magari wengi zamani waliitoa injini ya asili wakafunga ile ya lita 2.8 ya ndugu yake wa baadaye, 280Z, ili kupata nguvu zaidi. Ikiwa ndivyo, na injini ya kwanza bado imelala pembeni ya gereji, iuzwe pamoja na gari. Kadhalika kabureta za mwaka 1973, zilizotengenezwa kwa kufuata sheria za moshi na zikawakera madereva, aghalabu ziling'olewa zikawekwa za miaka ya nyuma. Hilo si kosa, ila lisemwe. Na kila kilichong'olewa na kuhifadhiwa, yaani vifuniko vya magurudumu, redio ya kwanza, jeki, vifaa vya fundi, funguo za ziada, kirejeshwe pamoja na gari, kwa sababu vitu hivyo vikitengana na gari lake huwa vyuma, na vikikutana nalo huwa ushahidi.

Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui biashara inayoisadikisha methali hiyo kuliko hii. Mita ya 240Z ina tarakimu tano tu za maili nzima. Gari likitimiza maili laki moja, mita hurudi kwenye sufuri na kuanza upya, hata mtu mwaminifu kabisa anaweza kuuza gari la maili 121,000 akidhani ni la maili 21,000. Kinachothibitisha ukweli ni karatasi: stakabadhi ya ununuzi wa kwanza, kitabu cha matengenezo chenye mihuri, risiti za mafuta ya injini na tairi zenye tarehe na maili, barua baina ya wenye gari waliopita, na picha za zamani ambamo gari linaonekana limesimama mbele ya nyumba au limebeba watoto ambao leo ni babu. Mwenye gari akizikusanya zote, akazipanga katika daftari kwa mfuatano wa miaka, akaandika mwanzoni ukurasa mmoja wa muhtasari, amefanya kazi ya juma moja ambayo huenda ikamlipa kuliko kazi ya mwaka mzima.

Daftari hilo lisiandikwe mema peke yake. Hapa ndipo ulipo moyo wa maneno yangu. Muuzaji mwenye hofu huficha ila, akidhani kila ila ikitajwa bei itapungua. Ilhali mushtari wa chombo cha kale anajua tangu nyumbani kwake kwamba hakuna chuma cha miaka hamsini kisichokuwa na ila, na akiambiwa kwamba hakuna hata moja, hukadiria zile zilizofichwa kwa kipimo cha hofu yake mwenyewe, na hofu hupima kwa pishi kubwa. Lakini akikabidhiwa karatasi iliyoandikwa waziwazi kwamba madigadi ya kushoto ya mbele yaligongwa na kunyooshwa zamani, kwamba saa ya dashibodi haifanyi kazi, kwamba gia ya pili hukwaruza kabla ya mafuta kupata joto, hupumua, hukadiria gharama za mambo matatu hayo, na mengine yote huyapokea kwa imani. Ila iliyotajwa ina bei yake, nayo hupunguzwa mara moja. Ila iliyogunduliwa hupunguza bei ya kila kitu, pamoja na neno la muuzaji. Ni kweli kwamba kizuri chajiuza. Lakini kizuri hiki kina sehemu zilizojificha uvunguni na ndani ya silinda, na kwa sehemu hizo ulimi wa mwenyewe ndio utakaokiuza.

Kuhusu bei yenyewe, hadhari moja inatosha. Mwenye gari asitazame bei zinazotakwa na wauzaji wengine, kwani hizo ni matumaini yao. Atazame bei zilizolipwa minadani katika miezi ya karibuni, kwa magari ya mwaka ule ule na hali ile ile, na wala asijipime kwa lile la dola 310,000 ikiwa lake limepakwa rangi mara mbili na maili zake hazina ushahidi. Kisha achague mlango wa kuuzia. Mnada mkubwa huwakusanya washindani wengi na huweza kuipandisha bei kupita matarajio, lakini hutoza ujira, na mwenye mali hana budi kuweka bei ya chini ambayo gari halitauzwa chini yake. Dalali wa magari ya kale humpunguzia muuzaji usumbufu na hujilipa kutokana na faida. Jumuiya za wenye magari ya aina moja, ambazo zipo Marekani, Uingereza, Australia na Japani, zina watu wanaolijua gari kwa jina la kila skrubu, na aghalabu ndiko hupatikana mushtari atakayelitunza. Afrika Mashariki wapenzi hao ni wachache lakini wapo: hukutana katika mashindano ya umaridadi wa magari huko Nairobi, na katika mbio za Safari za magari ya kale zilizoanza mwaka 2003. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika likiwa limezidi umri wa miaka minane, Datsun ya kale iliyokuja ikiwa mpya na ingali hai humu nchini haina badala rahisi. Mwenye nayo asiitupe kwa bei ya vyuma chakavu.

Siku ya mushtari kuja, injini iachwe baridi, maana injini iliyopashwa joto kabla ya mgeni kufika imeshaficha jambo. Petroli iliyolala miezi iwe imeondolewa na mpya imetiwa, mafuta ya breki yabadilishwe, na umri wa tairi uangaliwe katika tarakimu nne zilizogongwa ubavuni mwake, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa kuwa tairi la kale huweza kuwa na meno yote na bado likapasuka. Mgeni aisikie injini ikiwaka kwa mara ya kwanza siku hiyo, autazame moshi: ukiwa wa samawati, injini inakula oili, na aambiwe hivyo kabla hajauliza. Muuzaji aendeshe kwanza, mgeni akiwa abiria, kisha, baada ya kuona leseni yake na kuhakikisha bima, ampe usukani. Fedha zithibitishwe na benki yenyewe kabla ya hati kutiwa saini, na umiliki uhamishwe kwa sheria siku ile ile, ili gari lisitembee kwa jina la mtu asiyelimiliki tena.

Kisha ibaki dakika moja ambayo haimo katika sheria yoyote. Kabla ya kutoa ufunguo, mwenye gari alifungue lile daftari kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa, aandike tarehe ya siku ile, maili zinazosomeka katika mita, na jina la mtu anayelipokea; atie saini yake chini, na amkabidhi mgeni daftari kwanza, ufunguo baadaye. Mstari unaofuata ni wa mwenziwe kuuandika.